Barua kwa mwanangu: ufunguo wa pili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika, na mama yako kaifungua kabla yangu kama kawaida yake. Umeuliza jambo moja tu: ukienda Mwanza kufundisha ushonaji na ukapanga chumba peke yako, je, umwambie mwenye nyumba kwamba una baipola, haya maradhi yako ya akili ya kupanda na kushuka? Nitakujibu, ila kwanza nikuulize mimi: ufunguo wa pili wa chumba hicho atakaa nao nani?

Maana mwenye nyumba anataka kodi yake ya miezi sita, basi. Unameza nini usiku si shauri lake. Lakini chumba chenye ufunguo mmoja, kwa mtu mwenye maradhi yako, ni kibovu hata kikiwa na marumaru. Mtoto wa shangazi yako yupo Nyakato, bodaboda moja tu. Mpe ufunguo, namba yangu, namba ya kliniki, na karatasi.

Karatasi hiyo iandike sasa ukiwa mzima, ukurasa mmoja. Usiandike "nikichangamka sana", hilo kila mtu atalitafsiri apendavyo. Andika vitu vinavyoonekana kwa macho: nimelala masaa matatu na sichoki, nimepiga watu simu saa nane za usiku, nimenunua jora zima la kitambaa wala hakuna oda. Chini yake andika nani afanye nini: siku ya kwanza anipigie, siku ya pili akupeleke kliniki, na kwamba umemruhusu akushikie simu na kadi ya benki mpaka daktari aseme. Tia sahihi. Bila karatasi hiyo itabidi agombane na wewe, na siku ambazo umepanda hakuna anayekushinda kwa maneno, sisi tunajua.

Nimelisema mpaka mmelichoka: hesabu usingizi kabla hujahesabu hela. Watu wanadhani ugonjwa huu unaanza na vituko. Mara nyingi unaanza na usingizi kupungua, na mwenyewe anaona raha.

Mwaka ule wa mashati, mimi niliyezeeka na kazi ya wadi ya akili, nilikuona ukikesha na cherehani usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikaenda barazani kujisifu. Nikawaambia wenzangu kwenye kahawa: binti yangu mchapakazi, mashati 22 ya shule kwa siku tatu! Hakuna aliyeyaagiza. Kola zake nazikumbuka, zimelala sawasawa, mshono mdogo mdogo hauyumbi, sijaona kola nzuri kama zile. Vifungo vyote vilikuwepo. Matundu ya vifungo hakuna, hata shati moja. Binti wa mtu mwingine ningemjua akiwa bado mlangoni. Wangu mimi nilimsifia. Ningeweza kujitetea kwamba shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na kila fundi mtaani alikuwa anakesha. Hapana, sijitetei. Sikukuuliza swali moja ambalo wagonjwa wa watu niliwauliza kila asubuhi: jana umelala saa ngapi?

Kwa hiyo weka saa moja ya kulala na saa moja ya kuamka, hata Jumapili. Usiku mmoja chini ya masaa matano unampata yeyote. Mbili mfululizo, na asubuhi unajiona mwepesi huna uchovu, mpigie daktari siku hiyo hiyo, usingoje wa tatu. Zamu ya bweni usiku ikataliwe. Mkuu wako wa chuo akitaka sababu, barua ya daktari inaweza kusema "asipangiwe kazi za usiku" bila kuutaja ugonjwa. Hilo ndilo la kumwambia mwajiri kwanza, mengine utaamua ukishamjua. Mirungi na vile vinywaji vya kuongeza nguvu viache. Na basi la usiku usipande: njiani lala Singida, hela ya gesti nitatoa mimi.

Sasa dawa. Unajua kwamba lithiamu unayomeza ni chumvi ya madini. Daktari John Cade wa Australia alipoandika mwaka 1949 juu ya kuwatibu kwayo wagonjwa waliopanda, hakuwa na kitu cha ajabu zaidi ya hicho. Figo zinaifananisha na chumvi ya kawaida, na hapo ndipo watu wanapokosea. Ukiharisha, ukitapika, ukitoka jasho jingi bila kunywa maji, au ukiacha chumvi ghafla kwa sababu mtu kakwambia upunguze, figo zinaing'ang'ania lithiamu na kiwango kinapanda damuni ingawa vidonge ni vilevile. Ibuprofeni na diklofenaki nazo zinakipandisha, na duka la dawa watakupa bila kuuliza. Ukiumwa kichwa au tumbo la mwezi, sema paracetamoli. Ukiona mikono inatetemeka kuliko kawaida yake, unayumba ukitembea, ulimi mzito, unatapika au unaharisha, usimeze dozi inayofuata. Nenda hospitali, uwaambie neno lithiamu mlangoni.

Damu ya kupima kiwango hutolewa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho. Umemeza saa tatu usiku, uwe kwenye benchi la maabara saa tatu asubuhi. Wakikuchukua mchana, namba itatoka ndogo na daktari atakuongezea dawa bila sababu. Kwa wengi wanaoendelea vizuri inatakiwa 0.6 hadi 0.8 milimoli kwa lita, ikipita 1.5 ni hatari, na dalili zikiwepo hata chini ya hapo wasikuambie urudi kesho. Dozi ikibadilishwa, pima tena baada ya wiki. Mwaka wa kwanza ni kila miezi mitatu, baadaye wengi hupima kila miezi sita, pamoja na figo na tezi ya shingo. Kabla hujahama, ulizia ni maabara gani Mwanza inapima lithiamu, maana si kila maabara inayo. Na kabla ya Ramadhani, mwone daktari mwezi mzima mapema. Usianze kufunga kisha ndipo ukamuuliza.

Kosa jingine: utaenda zahanati umeshuka, huna raha, hulali, na daktari mgeni atakuandikia amitriptilini. Dawa za sonona zikimezwa peke yake zinaweza kukurusha juu. Kadi yako ya kliniki itangulie mezani kabla hujaanza kueleza. Na siku ukitaka mtoto (hili mama yako ndiye angepaswa kuliandika, kanikatalia), usikubali kuhamishiwa dawa ya valproeti, inaharibu mimba. Na lithiamu usiikate mwenyewe ghafla, kwa sababu ukiiacha ghafla ugonjwa hurudi kwa kishindo. Kaa na daktari kabla ya mimba.

Hela nitasema kidogo. Kodi ya miezi sita ilipe yote mshahara wa kwanza ukiruhusu, hiyo haiwezi tena kugeuka vitambaa. Akiba iweke akaunti ya sahihi mbili, yako na ya dada yako. Mikopo ya kwenye simu jitoe, na wale wakopeshaji wa kausha damu usiwasogelee hata ukiwa mzima, kwa sababu wakishakujua watakupigia siku ambayo umepanda. Umeme wa Luku nunua wa mwezi mzima.

Siku za kushuka nimeziacha mwisho, na nilitaka kuziruka. Hapo dalili ni nyingine: sufuria halijaoshwa siku nne, pazia limefungwa saa sita mchana, simu inaita haipokelewi. Usijipangie makubwa. Fungua pazia, oga, kula kitu cha moto, meza dawa, mpigie mtu mmoja useme "nimeshuka", hilo neno linatosha.

Nilikuwa nimeandika kwamba uwe na akiba ya vidonge vya siku 14 chumbani, maana dawa huadimika. Nikakata. Lithiamu si dawa ya kurundika ndani siku za giza, unanielewa. Lakini bila akiba, ikiadimika utakatisha dozi. Basi akiba ikae Nyakato, na chumbani uwe na ya wiki moja. Na ukifika mahali unawaza kwamba afadhali usiwepo, usimalize hiyo fikra peke yako. Ufunguo wa pili ni wa siku hiyo hasa. Piga simu saa yoyote, mimi silali sana siku hizi, na kwangu ni uzee tu.

Kama uende au usiende hukuniuliza, nami najizuia. Mama yako anasema nisiseme. Nimeandika jibu mara mbili nikalikata, ukilielekeza taani utaliona chini ya wino, kwa hiyo usilielekeze. Miaka mitatu hujalazwa, hilo nalijua. Pia najua kwamba miaka hiyo yote kulikuwa na mtu anakusikia ukitembea ndani usiku.

Mwenye nyumba usimwambie. Labda baada ya mwaka, akiwa mtu.

Cherehani yako nimeifuta vumbi, nikaitia mafuta, na ule mkanda uliokuwa unateleza nimebadilisha. Nikupakilie kwenye basi, au utaifuata mwenyewe?

Baba yako