Ganzi ya mkono kwa fundi cherehani: fidia ipo

Dada yangu uliyeniandikia kwamba mkono unakufa ganzi kwa kushona, pole sana. Bosi anayekwambia hakuna fidia kwa kuwa hukuanguka wala kukatwa na mashine anakosea. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, inahusu ajali na pia magonjwa yanayotokana na kazi, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) anatoa mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wako.

Kazi ngumu ni kuthibitisha kwamba mkono umeharibiwa na kazi. Mimi nilishona kiwandani hapa Dar, nikajipaka dawa ya kuchua miezi mingi bila kumwambia mtu. Nilipokwenda kudai, sikuwa na karatasi hata moja. Usifanye hivyo. Mtaarifu mwajiri kwa maandishi wiki hii, ubaki na nakala yenye mhuri. Hospitali mweleze daktari kazi yenyewe: saa ngapi kwa siku, mwendo gani unaurudia, ganzi inakuamsha usiku au la, vidole vipi. Aandike hayo kwenye faili, siyo "maumivu ya mkono" tu.

Mwajiri akikataa kujaza fomu, nenda mwenyewe ofisi za WCF. Na usisubiri mkataba uishe.