Andika Kisio Lako Kabla ya Kubonyeza

Kama unasomea udaktari wa mifugo na unajifundisha famakolojia, yaani jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini, kwa programu za kompyuta, shika jambo hili kabla ya mengine yote: usidunge dawa kwenye skrini kabla hujaandika daftarini unachotarajia kitokee. Shinikizo la damu litapanda au litashuka? Mapigo ya moyo je? Andika kwa kalamu, ndipo ubonyeze.

Mimi nilijisomea kwa RatCVS, programu ya John Dempster wa Chuo Kikuu cha Strathclyde kule Glasgow. Ni ya bure, na ukishaipakua huhitaji bando. Inaiga majaribio ya dawa kwa panya: unachagua dawa na dozi, kisha grafu inajichora mbele yako, na hakuna panya anayekufa.

Anza na adrenalini. Shinikizo linapanda. Subiri litulie, mpe fentolamini, halafu rudia adrenalini ileile kwa dozi ileile. Safari hii linashuka! Wengi hudhani programu imeharibika. Kumbe fentolamini imeziba vipokezi (sehemu za seli zinazopokea dawa) vya alfa, vile vinavyobana mishipa, vikabaki vya beta vinavyoitanua. Mwanafiziolojia Mwingereza Henry Dale aliandika kuhusu mgeuko huu mwaka 1906, baada ya kuuona kwa paka waliopewa dawa za ergot, kuvu anayeota kwenye nafaka. Aliyeandika "litapanda" haisahau grafu ile. Aliyebonyeza tu akatazama, wiki ijayo hana kitu.

Na si mambo ya mtihani tu. Asepromazini, tunayotumia kutuliza mbwa na farasi, nayo huziba alfa. Shinikizo la mnyama likishuka kwa sababu yake, adrenalini yaweza kulishusha zaidi. Ukiwa umeelewa ile grafu, huna haja ya kukariri onyo hilo.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigusa dawa na dozi kwa pamoja, hutajua kipi kimeleta nini. Na kisio likienda kombo, usikimbilie jaribio lingine. Fungua kitabu palepale, utafute sababu.

Kupima mimba ya ng'ombe ni habari nyingine. Uingereza, daktari wa mifugo Sarah Baillie alibuni kifaa cha kompyuta kinachompa mwanafunzi hisia ya kukipapasa kizazi, lakini laptopu yako haina mkono huo. Kwa hilo mwombe daktari wa mifugo wa wilaya umfuate siku anapokwenda kupima, uvae glavu ndefu, naye akuelekeze ukiwa umeshika.