Maswali ya Wasomaji: Maktaba Moja ya Msimbo kwa Darasa Zima

SWALI: Ninafundisha kuandika programu kwa kidato cha pili na cha tatu kwa kutumia Small Basic, kwa sababu kompyuta za maabara yetu ni za zamani, zinatumia Windows, na intaneti yetu si ya uhakika. Wanafunzi wamekwisha kuzoea amri za msingi, lakini kila kundi linaandika upya mambo yale yale: kutafuta asilimia, kupanga majina, kuchora vitufe kwenye dirisha. Nimesikia kwamba lugha hii inaweza kuongezewa maktaba kutoka nje. Je, ninaweza kutengeneza maktaba moja ya shule ikatumiwa na wote? Na je, kufanya hivyo hakutawalemaza wanafunzi?
Mwalimu wa sekondari, Morogoro

JIBU: Inawezekana, Mwalimu, na swali lako la mwisho ndilo linalopaswa kuamua namna ya kulifanya jambo hili. Small Basic, ambayo Microsoft iliitoa kwa majaribio mwaka 2008 na kuifikisha toleo la 1.0 mwaka 2011, ilibuniwa iwe ndogo kwa makusudi. Ilianza na maneno ya msingi 14 tu, vigeu vyake vyote vinaonekana katika programu nzima, na Sub zake, yaani vipande vya msimbo vilivyopewa jina ili viitwe vinapohitajika, hazipokei thamani yoyote wala hazirudishi jibu. Udogo huo humsaidia sana mwanafunzi anayeanza, lakini ndio huohuo unaowakwamisha wanafunzi wako sasa, kwa kuwa ndani ya lugha yenyewe hakuna amri ya kuiambia programu moja isome msimbo uliomo katika faili la programu nyingine. Kwa hiyo zimebaki njia mbili, nazo zinatofautiana sana.

Njia ya kwanza ni kugawana msimbo wenyewe. Kitufe cha Publish huipeleka programu kwenye seva ya Microsoft na kukupa namba fupi ya utambulisho, na mwenzako akiiandika namba hiyo baada ya kubofya Import, msimbo unamfungukia katika dirisha jipya. Ni utaratibu mzuri kwa mwenye intaneti. Ninyi msio na intaneti ya uhakika mnaweza kufikia matokeo hayohayo kwa kunakili Sub kutoka faili moja kwenda jingine kwa flashi. Ugumu utakaowapata ni ule wa vigeu. Mwanafunzi akinakili Sub inayotumia kigeu kiitwacho i ndani ya programu ambayo tayari ina mzunguko wa For unaotumia i, programu hiyo itatoa majibu ya ajabu bila kuonyesha kosa lolote, na mwalimu atapoteza kipindi kizima akitafuta chanzo. Wekeni kanuni tangu mwanzo kwamba kila Sub ya pamoja iwe na kitangulizi chake, kwa mfano panga_i, panga_idadi na panga_orodha, na kwamba maelezo ya juu yake yataje vigeu ambavyo mtumiaji anapaswa kuvijaza kabla ya kuiita na kile ambacho atakisoma baada ya hapo. Mnaweza pia kutumia Stack.PushValue na Stack.PopValue kupitisha thamani, ingawa kwa uzoefu wangu wanafunzi wa kidato cha pili huelewa haraka zaidi wakijaza kigeu moja kwa moja.

Njia ya pili ndiyo uliyoisikia. Small Basic imejengwa juu ya .NET Framework, jukwaa la Microsoft la kuendeshea programu, na kila inapofunguliwa huangalia folda iitwayo lib, iliyomo ndani ya folda ilimosakinishwa, yaani kwa kawaida C:\Program Files (x86)\Microsoft\Small Basic. Ikikuta humo mafaili ya maktaba yenye kiishio cha dll yaliyotengenezwa kwa kufuata masharti yake, huyaongeza katika lugha kana kwamba ni sehemu yake ya asili, hata majina ya amri zake hujitokeza katika orodha ya mapendekezo mwanafunzi anapoandika. Iwapo folda ya lib haipo, itengeneze mwenyewe, ila ujue kwamba kuandika ndani ya Program Files kunahitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta.

Ziko maktaba zilizokwisha kutengenezwa na watu wengine, na inayojulikana zaidi ni LitDev, yenye amri nyingi mno za michoro, hesabu, mafaili na mambo mengine. Sikushauri uanze nayo. Mwanafunzi aliyefunguliwa bohari kubwa kiasi hicho hupitisha muda wake akitafuta amri itakayommalizia kazi badala ya kuifikiria kazi yenyewe. Kwa shule yako, maktaba ndogo uliyoiandika wewe, yenye amri tano au sita ambazo darasa limezihitaji kweli, ina faida zaidi.

Kuiandika si kazi ya kutisha. Utahitaji Visual Studio, programu ya Microsoft ya kuandikia msimbo. Toleo la Community hutolewa bure kwa matumizi ya darasani. Anzisha mradi wa aina ya Class Library wa .NET Framework, si wa .NET mpya, na uchague toleo la Framework lisilozidi lile linalotumiwa na Small Basic yenyewe, ambalo kwa Small Basic 1.2 ni 4.5. Kisha ongeza kwenye mradi rejeo la faili SmallBasicLibrary.dll, ambalo utalikuta katika folda ya Small Basic. Maktaba yenye amri moja, iliyoandikwa kwa lugha ya C#, ingeonekana hivi:

using Microsoft.SmallBasic.Library;

[SmallBasicType]
public static class Shule
{
    /// <summary>Hutoa asilimia ya alama kati ya jumla.</summary>
    public static Primitive Asilimia(Primitive alama, Primitive jumla)
    {
        return alama * 100 / jumla;
    }
}

Masharti yote muhimu yamo katika mistari hiyo. Alama ya SmallBasicType ndiyo inayoitambulisha kwa Small Basic kama kundi la amri. Bila hiyo faili litapakiwa lakini amri zako hazitaonekana popote. Kundi na amri zake lazima viwe public na static. Kila thamani inayopokelewa au kurudishwa lazima iwe ya aina ya Primitive, kwa sababu Small Basic haitofautishi namba, maandishi na orodha: vyote ni Primitive, na maandishi yasiyo namba yakiingizwa katika kutoa, kuzidisha au kugawanya huhesabiwa kuwa sifuri. Jambo hilo la sifuri liangalie kwa makini. Mwanafunzi akiandika "arobaini" badala ya 40, Asilimia itamrudishia sifuri kimyakimya, kwa hiyo ni vyema amri yako ikague kwanza ilichopewa na kumwambia kosa lake kwa maneno yanayoeleweka.

Umeona kwamba majina ni ya Kiswahili. Small Basic haijali lugha ya majina hayo, na mwanafunzi wako ataandika:

TextWindow.WriteLine(Shule.Asilimia(36, 50))

naye ataona 72. Maelezo uliyoyaandika ndani ya summary yatamtokea pembeni mwa kihariri anapofikia jina la amri, mradi umeamuru katika mipangilio ya mradi kwamba faili la maelezo la XML litengenezwe, na mradi umelinakili pamoja na lile la dll kwenye folda ya lib, yote mawili yakiwa na jina moja. Walimu wengi huliacha faili la XML wakidhani ni la ziada. Kwangu mimi hilo ndilo lenye thamani kubwa zaidi kwa darasa, kwa kuwa mwanafunzi anayejifunza programu kwa lugha asiyoimudu hatimaye anasoma, kwenye skrini yake, maelezo yaliyoandikwa na mwalimu wake kwa lugha anayoifikiria. Yaandike kwa uangalifu uleule unaouandikia notisi za ubaoni: amri inafanya nini, inapokea nini, inarudisha nini, na inafanya nini ikipewa kitu kisicho sahihi.

Ukishanakili mafaili hayo, funga Small Basic na uifungue tena. Iwapo amri hazionekani na dll uliipakua kutoka intaneti au uliipokea kwa barua pepe, huenda Windows imeifungia. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, na uchague Unblock. Kama ilikuja ndani ya faili la zip, lifungulie kizuizi faili hilo la zip kabla ya kulitoa yaliyomo. Kumbuka pia kwamba mwanafunzi anapoiendesha programu yake, Small Basic huweka faili la exe katika folda ya programu hiyo pamoja na nakala za dll zinazohitajika. Akitaka kumpelekea rafiki yake exe hiyo, aibebe folda nzima, la sivyo haitafunguka huko iendako.

Usalama unahitaji neno la pekee. Programu zilizopitia Publish na Import huja zikiwa zimegeuzwa mistari yao inayotumia amri za kundi la File kuwa maelezo yasiyotekelezwa, ili programu ya mtu usiyemjua isifute mafaili yako kabla hujaisoma. Dll haina kinga ya namna hiyo. Ni programu kamili ya Windows yenye uwezo wote alio nao mtumiaji aliyeifungua, na mwanafunzi hawezi kuusoma msimbo uliomo ndani yake kwa kuitazama tu. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba ukitengeneza maktaba ya shule, weka msimbo wake wa asili katika folda iliyo wazi kwa wanafunzi wote, na usiruhusu dll yoyote kuingia kwenye lib bila wewe kujua imetoka wapi.

Sasa nilijibu la kuwalemaza. Maktaba humlemaza mwanafunzi pale inapomtangulia, lakini humkomboa inapomfuata. Darasa ambalo halijawahi kupanga orodha ya majina kwa mkono wake, kwa kulinganisha jina na jina na kubadilishana nafasi, lisipewe Shule.Panga, kwa kuwa litajua kuita bila kujua kinachoitwa. Lakini darasa lililokwisha kuandika upangaji huo, likakosea na likausahihisha, halina faida yoyote ya kuuandika tena kwa mara ya nne ili litengeneze programu ya matokeo ya mtihani. Kwa hiyo ningependa kila amri ya maktaba yenu ianze kama Sub iliyoandikwa na wanafunzi. Kundi likiwasilisha Sub inayofanya kazi, ijadiliwe na darasa, ijaribiwe kwa orodha tupu, kwa orodha yenye jina moja na kwa majina yanayofanana, ndipo wewe uihamishie kwenye C# mbele yao kwenye projekta. Hapo watakutana kwa mara ya kwanza na amri inayopokea thamani na kurudisha jibu, jambo ambalo Sub zao hazina, nao watakuwa wanaliona kupitia kazi ambayo wanaijua ndani nje. Na amri ikishaanza kutumika usiibadilishe jina wala mpangilio wa vitu inavyopokea, hata ukigundua jina zuri zaidi, maana programu zote zilizoandikwa muhula uliopita zitavunjika. Ongeza amri mpya na uiache ya zamani.

SWALI: Wanafunzi wangu wa msingi wanatumia Scratch bila intaneti. Mmoja ametengeneza bloku yake ya kuchora maumbo na wenzake wanaitaka. Wanaipataje?
Mzazi na mkufunzi wa kujitolea, Mombasa

JIBU: Scratch, lugha ya watoto ya kutunga programu kwa kuunganisha bloku, iliyotolewa kwa umma na MIT Media Lab mwaka 2007, ilianza kumruhusu mtoto kuunda bloku zake katika toleo la 2.0 la mwaka 2013, na bloku hizo ni mali ya mhusika mmoja ndani ya mradi. Mkoba ulioko chini ya skrini unawasaidia wale tu waliofungua akaunti na walioko mtandaoni. Kwenu, bofya mhusika huyo kwa kitufe cha kulia, chagua kumhamisha nje, na kompyuta itahifadhi faili la sprite3 ambalo mtoto mwingine atalipakia katika mradi wake. Mhusika atakuja na bloku zake zote, lakini zitafanya kazi kwake tu, hivyo njia nzuri ni kumpa kazi ya kuchora mhusika huyohuyo na kumtumia ujumbe kutoka kwa wahusika wengine. Udhaifu mmoja hautatoka: bloku za kujitengenezea katika Scratch hazirudishi jibu. Watoto wakifikia hatua ya kulihitaji hilo, wahamishieni Snap!, iliyojengwa na Jens Mönig na Brian Harvey wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Muonekano wake ni wa kindugu na Scratch, mnaweza kuipakua mkaitumia bila mtandao, bloku zake hurudisha majibu, na kuna amri ya kuzihamisha bloku zilizochaguliwa pekee katika faili dogo la XML, ambalo ni maktaba kamili.

SWALI: Sisi tumehamia Python. Kuna haja ya haya yote?
Mwanafunzi, Nakuru

JIBU: Hapana. Weka faili shule.py katika folda moja na programu yako, andika import shule, na kazi imekwisha. Jihadhari tu usiliite faili lako random.py au turtle.py, kwa sababu Python itasoma faili lako badala ya maktaba yake yenye jina hilo, na programu zote za folda hiyo zinazoitegemea maktaba hiyo zitaanza kushindwa.