Treni ina viti vitupu, mbona tiketi za punguzo zimekwisha?

SWALI: Naishi Birmingham, na binti yangu anasoma London. Kila mwisho wa mwezi naenda kumtazama: naondoka Ijumaa jioni, narudi Jumapili. Nikitafuta tiketi za Advance (zile za punguzo, za treni moja tu uliyoichagua) wiki hiyohiyo nakuta zimekwisha au zimebaki za bei kubwa, ilhali ramani ya viti kwenye simu inaonyesha karibu behewa zima liko tupu. Mwenzangu kazini ananiambia nisubiri hadi dakika za mwisho, eti kampuni haiwezi kukubali treni iondoke na viti vitupu. Mwingine ameniunganisha na kijana anayeuza tiketi za nusu bei kwenye kundi la WhatsApp. Naomba ushauri. – Mama Z., Birmingham

JIBU: Mama Z., huyo mwenzako wa kazini nakutana naye kila wiki. Jina hubadilika, maneno ni yaleyale: “Subiri, watashusha.” Nimeuza tiketi dirishani katika stesheni za Uingereza kwa miaka mingi, na watu waliosubiri washushiwe ndio waliokuja kwangu dakika kumi kabla ya treni, wakalipa nauli ya juu kuliko zote huku macho yamewajaa machozi.

Najua fikra hiyo ilikotoka. Nimekulia Tanga. Pale stendi, basi likishawashwa na viti vitatu viko wazi, mpiga debe anakukimbilia mwenyewe na kukupunguzia nauli kabla hujafungua mdomo. Kwake kiti kitupu ni hasara ya papo hapo, na uamuzi uko mkononi mwake. Huku hakuna mpiga debe. Bei ya Advance imepangwa wiki nyingi kabla, na aliyeipanga hana haja ya kujua kama behewa C lina watu kumi au sitini.

Kila treni hupewa mafungu ya tiketi za Advance. Fungu la kwanza ni la bei ya chini kabisa, la pili lina bei ya juu kidogo, na kuendelea. Kila fungu lina idadi yake. Likiisha linafungwa na linalofuata linafunguka. Treni ya Jumanne saa tano asubuhi inaweza kupewa tiketi nyingi za fungu la chini, kwa sababu bila bei hiyo watu wasingepanda. Ya Ijumaa jioni hujaa yenyewe, kwa hiyo fungu la chini huwekwa tiketi chache mno, au haliwekwi kabisa. Wewe unadhani umechelewa. Huenda tiketi uliyokuwa ukiisaka haikuwahi kuwepo.

Na ukiniuliza kwa nini wasishushe bei pale wanapoona viti vimebaki: wakifanya hivyo Ijumaa mbili tu, Ijumaa ya tatu kila mtu atakaa na simu mkononi akisubiri, hata mfanyabiashara ambaye angelipa nauli kamili bila kuuliza. Ni kweli kampuni inaweza kufungua tena fungu la chini siku kadhaa kabla ya safari kama treni haiuziki. Kuitegemea hiyo kwa treni ya Ijumaa jioni ni kucheza kamari na nauli ya kwenda kumwona mwanao.

Sasa hiyo ramani ya viti, ambayo imewapotosha watu wengi kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Inaonyesha viti vilivyowekewa nafasi, basi. Mwenye tiketi ya Anytime (ya saa yoyote) au Off-Peak (ya nje ya saa za msongamano) halazimiki kuchagua kiti. Anafika, anapanda, anakaa palipo wazi. Kwenye ramani hayumo. Behewa ulilolikuta jeupe Jumatano kwenye simu ndilo hilohilo ambalo Ijumaa watu wanasimama mlangoni na mabegi yao. Tena kiti kilicho kitupu pale New Street, stesheni kuu ya Birmingham, kinaweza kupata mtu wake vituo vya mbele, Birmingham International au Coventry. Kompyuta huangalia safari nzima: ikiona kutoka Coventry hadi London patabana, inakufungia wewe wa Birmingham tangu mwanzo.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki. Mmeambiwa sana habari za Advance hadi mkasahau kwamba Off-Peak haina mafungu. Haiishi. Bei ya Off-Peak unayoiona leo kwa safari ya mwezi ujao ndiyo utakayolipa ukiinunua dakika tano kabla ya kupanda, ila kama nauli rasmi zimebadilishwa katikati. Masharti yake ni ya saa: haitumiki kwenye treni za msongamano. Na kwa London, msongamano wa jioni unaobanwa na masharti hayo kwa kawaida ni wa wanaotoka London. Wewe Ijumaa jioni unaingia. Soma masharti yaliyoandikwa kwenye tiketi yenyewe, lakini uwezekano ni mkubwa kwamba Off-Peak inakufaa kabisa, na ukikosa treni ya saa kumi na mbili unapanda inayofuata. Advance ukiikosa treni yake, imekwenda. Advance ikishapanda hadi kukaribia bei ya Off-Peak, haina maana tena kuinunua.

Kwa safari yako kuna jambo jingine. Birmingham na London zina njia zaidi ya moja, na nauli zake hazilingani. Kampuni ya Avanti wanatoka New Street kwenda Euston, London, na hao ndio wa haraka. London Northwestern nao wanatoka New Street kwenda Euston, polepole, wakisimama vituo vingi. Chiltern wanatoka stesheni ya Moor Street kwenda Marylebone, nayo iko London. Hawa wawili wa mwisho wana tiketi zinazokubalika kwenye treni zao peke yao, na huwa nafuu sana kuliko ile inayokubalika kwa wote. Programu nyingi hukuwekea treni ya haraka juu kabisa, ukaamini ndiyo bei ya safari. Avanti pia wana tiketi inayoitwa Superfare: unainunua kati ya siku 7 na 21 kabla, unachagua asubuhi, mchana au jioni, kisha saa 24 kabla ya safari wanakuambia treni yako ni ipi. Kwa mtu anayekwenda kumtazama binti yake na asiye na miadi ya saa maalumu, hiyo inafaa kuijaribu.

Jumapili ina tabia yake. Tiketi za Advance hutolewa takriban wiki 12 kabla, lakini za wikendi huchelewa kwa sababu reli hufungwa vipande vipande kwa matengenezo na ratiba haithibitishwi mapema. Ukikuta Ijumaa ipo na Jumapili haipo, haijaisha. Haijatoka. Rudi baada ya siku chache.

Ukiwa unasafiri na mumeo, kuna Railcard (kadi ya punguzo la treni) ya Two Together, pauni 35 kwa mwaka, inayowapunguzia theluthi moja ya nauli mkiwa pamoja, isipokuwa kabla ya saa tatu na nusu asubuhi siku za kazi. Binti yako achukue ya 16-25. Hata mwanafunzi aliyevuka miaka 25 anaruhusiwa kuipata akiwa anasoma muda wote, na watu wetu wengi waliokuja huku kusoma shahada ya pili wakiwa na umri wa miaka thelathini na kitu hawalijui hilo. Ila amwangalie sana nyoka mmoja: Jumatatu hadi Ijumaa, kati ya saa kumi na nusu alfajiri na saa nne asubuhi, nauli baada ya punguzo la kadi hiyo haishuki chini ya pauni 12 kwa tiketi zisizo za Advance, isipokuwa Julai na Agosti. Kuna vijana walioburutwa mahakamani kwa tofauti ya pauni mbili kwa sababu ya sharti hilo.

Nije kwa wataalamu wa mitandaoni. Wapo wanaowaambia mfute kumbukumbu za simu, mtafute tiketi usiku wa manane, mjifiche kwenye kivinjari cha siri ili “mfumo usikutambue.” Mafungu niliyoyaeleza ni yaleyale kwa kila anayetafuta, awe na simu mpya au kompyuta ya maktaba. Bei ikipanda baada ya dakika ishirini, kuna mtu amenunua ya mwisho katika fungu lile. Kitu cha kuangalia ni ada: programu za madalali nyingi hutoza ada ya huduma, tovuti za kampuni za treni zenyewe hazitozi, na tiketi ni ileile.

Na huyo kijana wa WhatsApp. Mama Z., usinunue kwake. Nimeshika mikononi tiketi za namna hiyo nyingi mno. Nyingine zimenunuliwa kwa kadi ya benki ya mtu aliyeibiwa. Mwenye kadi akilalamika, tiketi inafutwa ukiwa njiani. Nyingine ni picha moja ya msimbo iliyouzwa kwa watu wanne, wa kwanza akakaguliwa salama, watatu wakakamatwa. Nyingine ni tiketi halali kabisa, lakini ya mtoto, au ya mwenye Railcard ambayo wewe huna. Mkaguzi hamtafuti kijana wako. Anayemkuta kwenye kiti ni wewe.

Katika England penyewe, penalti ya kukutwa bila tiketi halali tangu Januari 2023 ni pauni 100 juu ya nauli ya safari, na hiyo mia hupungua kuwa hamsini ukilipa ndani ya siku 21. Hiyo bado si jinai. Lakini kampuni ikiamua kwamba ulikusudia kukwepa nauli, inaweza kukushtaki kwa sheria ya reli ya mwaka 1889, ambayo ingali inatumika, na hukumu yake ni rekodi ya jinai. Wenye viza, na wanaojiandaa kuomba uraia, hapo ndipo naomba mnisikilize. Fomu za uhamiaji zinauliza habari za hukumu, na kuificha ni kosa zito kuliko tiketi yenyewe. Nimekaa na baba mmoja aliyekuwa amebakiza miezi michache aombe uraia, akaniletea karatasi ya mahakama kwa ajili ya tiketi aliyouziwa msikitini na mtu anayemfahamu.

Msidanganywe pia na habari za mwaka 2024, pale mahakama ilipofuta hukumu zipatazo 74,000 za nauli. Zilifutwa kwa sababu kampuni zilitumia utaratibu wa mashtaka, ule wa hakimu mmoja kuamua kwa maandishi, ambao hazikuruhusiwa kuutumia kwa makosa ya sheria ile ya 1889. Hakuna aliyesema kusafiri bila tiketi halali ni sawa, na kampuni zingali zinashtaki.

Baba yule hakuhukumiwa kwa sababu ya tiketi peke yake. Barua tatu zilikuja nyumbani kwake kwa Kiingereza cha kisheria, akaziweka juu ya friji akidhani ni matangazo ya kampuni ya treni. Notisi ya mashtaka yanayoamuliwa kwa maandishi hukupa siku 21 za kujibu. Zikipita, hakimu anaweza kuamua bila wewe. Ukiwa na bahasha kama hiyo ndani, ifungue leo, na ipeleke Citizens Advice (shirika la ushauri wa bure) au kwa wakili kabla hujamwandikia mtu yeyote wa kampuni. Wapo waliomaliza jambo kwa kulipa nauli na gharama bila kufika mahakamani, na karibu wote niliowaona walikuwa wamejibu barua ya kwanza.