Mchawi Wako Anajua Uchawi, Basi Usimwachie Mpiganaji Amjibie

Siku kundi letu la Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani ambamo kila mtu huigiza mhusika wake na dadu huamua kama amefaulu) lilipofika kwenye lango la mawe, nilikuwa na furaha iliyofichika. Mimi ndiye mwendesha mchezo, na lango lile nililitunga kwa ajili ya mchezaji mmoja kati ya watano. Alikuwa amemtengeneza mchawi kwa mapenzi makubwa: kurasa tatu za maisha yake, alivyolelewa na babu mtunza maktaba, alivyosoma maandishi ya kale kabla hajang'oka meno ya utoto. Langoni pale palikuwa na maandishi ya kichawi.

"Rusha dadu," nikamwambia. Akapata 4. Ukijumlisha 5 zake za elimu ya uchawi zinakuwa 9, na mimi nilikuwa nimeweka kizingiti cha 15. Hakutambua hata herufi. Mpiganaji, mtu wa shoka ambaye kwenye karatasi yake elimu hiyo ni sifuri, akadakia: "Ngoja na mimi nijaribu." Akapata 17. Nikamsomea yeye maandishi yote.

Meza nzima ikacheka. Mwenye mchawi naye akacheka kidogo, kisha akanyamaza mpaka tulipofunga. Ukimya ule nilirudi nao nyumbani.

Usiku nikachukua kalamu. Dadu ya pande 20 haijui mwenyewe wala mgeni: kila namba ina asilimia 5, iwe 1, 10 au 20. Kwa kanuni za toleo la 2014, mhusika wa ngazi ya kwanza aliye hodari katika jambo huwa na nyongeza ya 5 hivi, 3 za kipaji na 2 za mafunzo. Ili avuke 15 anahitaji 10 kwenda juu, yaani asilimia 55. Asiye na kitu anahitaji 15 kwenda juu: asilimia 30. Nikawapambanisha. Dadu mbili za namna hiyo zina matokeo 400, na katika 105 kati ya hayo asiyejua humzidi mjuzi. Hiyo ni zaidi ya mara moja katika kila nne.

Hesabu iliyonichoma zaidi ilikuwa inayofuata. Mezani walikuwepo wengine wanne, na mezani kwetu mmoja akishindwa wote hutaka kujaribu. Watu wanne wenye sifuri wakirusha kila mmoja mara moja, uwezekano wa angalau mmoja wao kuvuka 15 ni asilimia 76. Wajinga wanne walikuwa wanamshinda mchawi wangu, na aliyewaruhusu ni mimi.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa namba. Nikampa mchawi pete ya kuongeza 3. Akafika asilimia 70, bado chini ya wale wanne. Nikapandisha kizingiti hadi 20. Wale wanne wakaporomoka mpaka asilimia 19, sawa, ila na mchawi, pete ikiwa imewekwa pembeni, akashuka mpaka 30. Nilikuwa nimefunga mlango kwa wageni na mwenye nyumba akiwa nje.

Watunzi wa mchezo wenyewe wamehangaika na jambo hili miaka mingi. Katika toleo la tatu, la mwaka 2000, mpiganaji wa ngazi ya 20 alianza shambulio na nyongeza ya 20, mchawi na 10, kabla ya kuhesabu nguvu wala silaha. Tofauti ilionekana, lakini ilikuwa pana mno: adui aliyemtoa jasho mmoja, mwenzake hakuweza hata kumgusa. Mwaka 2008 toleo la nne likamwongezea kila mtu nusu ya ngazi yake karibu katika kila kitu, wote wakapanda ngazi pamoja. Toleo la 2014 likabana namba: mafunzo huanza na 2, na huishia 6 kwenye ngazi ya 17. Mimi napenda uamuzi huo kwenye vita, kwa sababu kundi la goblini, vile vijitu dhaifu, hubaki la kuogopwa. Kwenye elimu ndipo unapouma. Mchawi wa ngazi ya 17 mwenye akili ya kiwango cha juu ana nyongeza ya 11, na bado atashindwa kuvuka 15 mara tatu katika 20.

Kuna michezo inayotumia dadu nyingine. GURPS hurusha tatu za pande sita, na unatakiwa kupata namba isiyozidi ujuzi wako. Mwenye ujuzi wa 10 hufaulu asilimia 50, mwenye 14 hufaulu karibu 91. Kama kundi lenu linataka ubingwa utokane na namba, hameni. Sisi tulipenda mchezo wetu, tukabaki.

Kilichonifumbua macho ni vita. Ngazi ya kwanza, upanga wa mpiganaji una nyongeza ya 5, kisu cha mwizi 5, mwale wa moto wa mchawi 5. Namba ni ileile, na hakuna aliyewahi kuwachanganya watatu hao! Mwizi akimkuta adui ameshughulishwa na mwenzake anaongeza dadu za kumchoma. Mpiganaji akifika ngazi ya 5 anapiga mara mbili. Mchawi ngazi hiyohiyo anatupa mpira wa moto, na hapo dadu ni za maadui, wao ndio wanaohangaika kujiokoa. Kila mmoja ana jambo lake la kufanya.

Nikaamua langoni pia pawe hivyo. Sasa, kabla ya dadu, nauliza maisha ya nani yangemfundisha jambo hili. Kama ni la kawaida kwa fani yake, natumia kanuni ya kumi: 10 ukiongeza nyongeza yake. Mchawi ana 15, basi anajua na harushi chochote. Kama ni gumu zaidi, anarusha yeye, na mwenzake mwenye mchango wa kweli anamsaidia. Msaada humpa dadu mbili achukue iliyo kubwa, na kwa kizingiti cha 15 asilimia 55 inakuwa karibu 80. Linganisha na ile 76. Shauku ya meza haipotei, inapitia kwa mjuzi.

Kwa wengine naandaa majibu tofauti mapema, na kazi hii ndiyo inayonila muda mwingi kuliko zote. Kwa jiwe lilelile, mchawi anapata maneno, mpiganaji anaona alama za shoka zilizochongwa juzi tu, mwizi anahisi upepo kwenye ufa wa chini.

Miezi michache baadaye tukafika kwenye kaburi lenye maandishi. Mchawi akasogea, nikampa karatasi niliyomwandikia, akaisoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya babu yake. Alipomaliza, mwenye mpiganaji aliweka dadu yake chini. "Na mimi," akaniuliza, "naona nini?"