Muulize Kocha: Mechi tatu za mwanzo, vipigo vitatu

*Maswali yanajibiwa na kocha msaidizi mstaafu aliyefundisha wachezaji wa mstari wa mbele, wale wanaowazuia walinzi wa upande wa pili, katika shule za sekondari za Texas. Wasomaji wa nyumbani wasichanganye: mpira unaozungumzwa hapa ni ule wa Kimarekani, wa helmeti na mabega ya plastiki.*

SWALI: Kocha, salaam. Mwanangu yuko darasa la kumi na moja hapa Texas, anacheza mstari wa mbele, jezi namba 64. Msimu uliopita kocha wao alipanga zile mechi tatu za mwanzo, ambazo hazihesabiwi kwenye wilaya (kundi letu la shule zinazogombea nafasi za mchujo), zote dhidi ya shule zenye nguvu kuliko yetu. Tulifungwa zote. Ya pili tulipigwa 52 kwa 7. Tulipofika kwenye mechi za wilaya, kotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, alikuwa na bega bovu na vijana wawili wa mstari walikuwa nje. Tukamaliza wa tano, na wanaokwenda kwenye mchujo ni wanne. Sasa ratiba ya mwaka huu imetoka, na wapinzani ni walewale watatu! Wazazi wameandika barua kwa mkurugenzi wa michezo kwamba kocha anatafuta sifa kwa migongo ya watoto wetu. Wameniletea nisaini. Mwanangu ananiambia nisithubutu. Nifanye nini?
— Mama wa Namba 64

JIBU: Mama, kalamu iweke chini kwanza. Huenda ukaihitaji baadaye, lakini barua hiyo kama ulivyonieleza inamshtaki kocha kwa jambo moja ambalo hana mamlaka nalo.

Hao wapinzani walewale watatu si ukaidi wake. UIL, chombo kinachosimamia michezo ya shule za umma Texas, hupanga upya madaraja na wilaya kila baada ya miaka miwili, mwezi Februari wa mwaka wa shufwa. Kila shule ina mechi 10 za msimu wa kawaida. Wilaya yenu ikiwa na shule nane, saba kati ya hizo ni za wilaya, na tatu mnajitafutia wenyewe. Asubuhi ile ya matangazo makocha hukusanyika kwenye vituo vya huduma za elimu vya kanda, wanapewa karatasi, na kabla hata mtu hajamaliza kusoma jina la shule yake, minong'ono imeanza: "Wiki ya pili uko wazi? Mwaka huu kwako, mwakani kwangu." Wanashikana mikono, wanaandikiana mkataba wa misimu miwili, basi. Nimesimama kwenye kumbi hizo nikimshikia kocha mkuu kalenda. Mechi nyingi hupatikana kwa sababu nyepesi kabisa: wiki zimelingana na safari ya basi haivuki saa mbili. Timu zenye sifa hupiga simu hadi betri zinakwisha, kila mtu anazikwepa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kwa nini kocha aliwachagua hao, uliza nani mwingine alikuwa wazi wiki hiyo. Jibu linaweza kuwa: hakuna.

Tuseme lakini aliwachagua kwa makusudi. Je, ana hoja? Anayo. Texas nafasi za mchujo zinaamuliwa na mechi za wilaya. Ukifungwa zote tatu za mwanzo unaingia wilayani ukiwa sawa kabisa na aliyeshinda zote tatu. Kwenye karatasi, kipigo hicho ni bure. Na kwa mchezaji wa mstari kama mwanao, mpinzani mkali ana kitu ambacho mazoezi ya Jumanne hayana. Chukua mfano mmoja: walinzi wawili wanaopishana njia, huyu akiingia kwa ndani na mwenzake akizunguka nyuma yake ili wavuruge nani anamzuia nani. Mazoezini vijana wa timu ya pili wanaufanya mchezo huo polepole, tena wanajua mpira unaelekea wapi. Ijumaa usiku mbele ya timu kubwa unafanyika ghafla, zimebaki yadi nane, na kijana ana chini ya sekunde moja ya kumwachia mtu wake na kumpokea wa jirani. Akikosea, kotabeki yuko chini. Jumamosi asubuhi mnaitazama video, na hapo hakuna kijana anayebishana nami. Mwezi mzima nimepiga kelele kuhusu miguu yake, kumbe alihitaji kuona namba 64 akishika hewa.

Wanaotetea ratiba ngumu hupenda kutaja shule ya De La Salle ya Concord, California. Ni kweli: chini ya kocha Bob Ladouceur ilishinda mechi 151 mfululizo kati ya 1992 na 2004, nayo ilitoka nje ya eneo lake kutafuta wakali. Mwaka 2001 ilikwenda kuwakabili Long Beach Poly, ikashinda 29 kwa 15. Hata mfululizo wenyewe ulikatwa kwenye mechi ya ufunguzi ya 2004, walipokubali kusafiri hadi Seattle na kufungwa 39 kwa 20 na Bellevue. Mimi mfano huu unanichosha kidogo. De La Salle walitafuta wakali kwa sababu nyumbani hawakubaki na wa kuwapima. Timu iliyomaliza ya tano wilayani imepimwa tayari, na kipimo kimesoma.

Basi ratiba yenu ni mbaya au nzuri? Kwa matokeo ya 52 kwa 7 peke yake siwezi kukwambia. Nitafutie alama za robo kwa robo. Kama mlikwenda mapumziko 14 kwa 7, kisha mkafungwa 38 kipindi cha pili, tatizo lenu lina jina: upungufu wa watu. Shule ndogo huwachezesha vijana walewale kushambulia na kulinda, ile kubwa ina mstari mmoja wa kushambulia, mwingine wa kulinda, na akiba benchi. Robo ya tatu, kwenye joto la mwisho wa Agosti, mtoto wenu yuko kwenye zamu yake ya tisini ya mpira kuchezwa na anayemkabili yuko kwenye ya arobaini. Hapo ndipo mabega yanapotoka, maana mwili uliochoka huzuia kwa mikono badala ya miguu. Lakini kama ilikuwa 35 kwa 0 kabla ya mapumziko, hapakuwa na somo lolote pale. Mtoto hajifunzi kupishana na walinzi wa kasi ikiwa hakuwahi hata kuwagusa.

Mechi za namna hiyo zipo, na moja ilionyeshwa Marekani nzima. Agosti 2021, televisheni ya michezo ya ESPN ilirusha mechi ya IMG Academy ya Florida dhidi ya Bishop Sycamore ya Ohio, mjini Canton. Ikaisha 58 kwa 0. Bishop Sycamore walikuwa wamecheza mechi nyingine siku mbili tu kabla. Watangazaji wenyewe walisema hewani kwamba wanahofia usalama wa vijana wale. Kesi hiyo ilikuwa na uozo wake mwingine, siifananishi na shule yenu, ila inaonyesha kwamba mtu anaweza kupanga mechi kwa ajili ya jina la mpinzani bila kuhesabu nani atakayesimama mbele yake.

Kwa hiyo, mama, omba miadi na kocha. Siku ya kawaida mchana, si Ijumaa usiku kando ya basi. Muulize mambo haya, naye akiwa mtu wa kazi atafurahi kuulizwa. Ana wachezaji wangapi wa mstari walio tayari kuingia bila timu kuporomoka? Nikisikia wanane nitalala, nikisikia watano sitalala. Tofauti ikifika tachidauni nne au tano (tachidauni ni kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani), nani anatoka uwanjani na nani anaingia? Hili ndilo ningelikazania kuliko yote. Kocha anayempanga mpinzani mkali kisha anamwacha kotabeki wa kwanza uwanjani akiwa nyuma kwa 35, huyo hafundishi, anatafuta angalau tachidauni moja ya kujifariji. Na majeraha ya mwaka jana yalitokea robo ya ngapi? Kama hajawahi kuangalia, basi sasa una la kuandika kwenye barua.

Kuna jambo pia mnaloweza kumwomba lisilovunja mkataba. Kabla ya msimu kuanza timu hucheza mechi za mazoezi na shule nyingine: hazihesabiwi, makocha wanasimama palepale uwanjani, mchezo unasimamishwa, unarudiwa, vijana wanabadilishwa. Jitu lile, yaani mpinzani mkali, ningeliweka hapo. Unapata kasi yake yote, unapata video, na unapoona kijana amelegea unamtoa bila mtu kuhesabu kitu. Makocha wengi hufanya kinyume, wanaalika dhaifu kwenye mechi ya mazoezi ili wazazi wafurahi, halafu wanakutana na jitu kwa mara ya kwanza saa inapohesabu. Sijawahi kuielewa hesabu hiyo.

Kuhusu mwanao kukukataza kusaini: msikilize. Yeye ndiye aliyekuwa chini ya wale watu. Lakini muulize peke yake, ndani ya gari, kama kuna siku alicheza akiwa ameumia na hakusema.

SWALI: Kocha, mimi niko Ohio. Timu ya kijana wangu ilishinda mechi 7 kati ya 10. Majirani zetu walishinda 6, lakini kwenye orodha ya kompyuta inayoamua nani anaingia mchujo wako juu yetu. Wengine tunasema tumwambie kocha aache wapinzani wepesi, mwaka ujao afungue msimu na vigogo watupu. Unasemaje?
— Baba mwenye hasira kidogo

JIBU: Baba, hasira yako ina haki lakini dawa yako itakuua. Mnatumia pointi za Harbin, zilizopewa jina la Jack Harbin. Ukishinda unapata pointi kulingana na daraja la uliyemfunga. Kisha unapata pointi zaidi kwa kila mechi ambayo huyo uliyemfunga atashinda msimu mzima. Ukifungwa unapata sifuri, hata kama aliyekufunga ni bingwa wa jimbo. Majirani zenu bila shaka walifunga timu ambazo baadaye zilishinda mara nyingi, ninyi mkafunga timu ambazo hazikushinda tena.

Vigogo watupu watawapa funzo na mifuko mitupu. Ohio mpinzani wa dhahabu ni yule unayeweza kumfunga kwa shida mwezi wa nane, kisha akaenda kuwapiga wengine hadi mwezi wa kumi. Ndiyo maana kule utamkuta mzee mzima Jumamosi asubuhi anatafuta matokeo ya shule iliyo kaunti tatu mbali, na akikuta wameshinda anapiga makofi. Ni watu wake sasa! Mwambie kocha atafute wawili wa aina hiyo, na daraja lao likizidi lenu kidogo ni bora zaidi.

Kila jimbo lina bei yake ya kufungwa. Michigan kwa miaka mingi shule iliyoshinda 6 kati ya 9 ilikuwa na uhakika wa mchujo, matokeo yake shule zenye nguvu zikakosa wa kucheza nao, maana nani atajipeleka kupoteza moja kati ya hizo? Utaratibu huo umeachwa, sasa ni pointi zinazotazama ulicheza na nani. Kabla hujamlaumu kocha wa jimbo jingine, soma kwanza kanuni zake.

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miaka 15, nimepandishwa timu ya kwanza kwa sababu wawili wameumia. Mechi yetu ya kwanza ni na shule ambayo walinzi wake wana kilo 120. Mimi nina 84. Naogopa, lakini usiandike jina langu.
— Asiyetajwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kilo 36 ni nyingi, sitakudanganya. Lakini una kitu kimoja ambacho yeye hana: unajua mpira utaanza kwenye hesabu ya ngapi. Hatua yako ya kwanza iwe fupi, ya inchi chache, mguu utue kabla wake haujatua. Kaa chini kuliko yeye. Mikono ndani ya kifua chake, si pembeni, ukishika pembeni unaadhibiwa kwa kushika. Usijaribu kumsukuma nyuma. Mpeleke upande anaotaka kwenda mwenyewe, zidisha kidogo, mkimbiaji wako apite nyuma yake. Ukishindwa mara tatu kwa namna ileile, mwambie kocha wa mstari mkiwa benchi, waziwazi: "Ananipita kwa ndani." Atakuwekea mwenzako wa kukusaidia. Asipoambiwa atadhani umeteleza.

Kunywa maji kuanzia Alhamisi, kwa sababu ukianza Ijumaa jioni umechelewa. Na ukigongwa ukaona taa zimekuwa mbili, au ukasahau mchezo ulioitwa, toka mwenyewe umwone mtu wa tiba wa timu. Tangu 2014 majimbo yote 50 yana sheria kuhusu jeraha la kichwa kwa wachezaji vijana: anayeshukiwa kuumia anatolewa, na harudi mpaka mtaalamu wa afya aruhusu. Kocha hawezi kukukasirikia kwa hilo, na akikasirika, niandikie tena.