Chembe za nano au nanochembe?

SWALI: Ninafundisha baiolojia hapa Nyegezi, Mwanza. Mwanafunzi wangu ameandika: "Nanochembe inaua chembe cha saratani." Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili amebadili "cha" kuwa "ya", akaishia hapo. Je, sentensi sasa imekaa sawa?

JIBU: Mwalimu, mwenzako hakukosea, ila amebakiza kazi. Chembe yenye maana ya kipande kidogo sana iko katika ngeli ya i-zi: chembe hii, chembe hizi. Inayochukua "cha" ni ile ya chembe cha moyo, nayo haihusiki hapa.

Sasa tazama: sentensi moja ina chembe mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kipande kisicho na uhai, cha nanomita 1 hadi 100, wakati unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi. Ya pili ina uhai. Naipenda "chembe hai", lakini kwa mada hii tumia "seli", mwanafunzi asichanganyikiwe.

Nanomita tumeipokea nzima kama kilomita, haina ubishi. Chembe ni neno letu, kwa hiyo litangulie: chembe za nano.

Kitenzi ndicho kinachonikera zaidi. Doxil, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, ni doksorubisini iliyotiwa ndani ya vifuko vya mafuta vya ukubwa wa nano. Kinachoua seli ni doksorubisini. Vifuko vinaibeba tu, na kwa kuibeba hivyo vinapunguza madhara yake kwenye moyo. Mgonjwa anayesoma kwamba chembe zenyewe "zinaua" ana haki ya kuogopa, na tutakuwa tumemtisha bure. Zipo kweli zinazopashwa joto ili ziunguze uvimbe. Huko "kuua" kunafaa.

Nyingine hazibebi dawa wala haziui, zinaonyesha tu. Ukipimwa malaria kwa kipimo cha haraka, ule mstari mwekundu mara nyingi ni chembe za nano za dhahabu zilizokusanyika. Ndiyo, dhahabu, madini yaleyale yanayochimbwa hapo Geita. Ikiwa ndogo kiasi hicho huonekana nyekundu. Waonyeshe wanafunzi kipimo kilichotumika, kitawakaa kichwani kuliko maelezo yangu.

Kama mwanafunzi alikusudia dawa ya aina ya Doxil, aandike: "Chembe za nano hupeleka dawa kwenye seli za saratani."